Dawa za Nguvu za Kiume na Kiharusi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyakusanya dirishani, kwenye duka la dawa, miaka kadhaa sasa. Mengi yaliulizwa kwa kunong'ona, boda imesimama nje inasubiri. Nimeyapa namba ili nisirudie maneno. Pale jibu lilipo kwingine nimekuelekeza.

## Ya msingi

1. Je, kidonge cha nguvu za kiume kinaleta kiharusi?

Kwa mwanaume ambaye presha yake imepimwa na imetulia, moyo wake hauna shida, na kidonge ni halisi cha kipimo alichopangiwa, hofu hiyo ni ndogo. Majaribio yaliyolinganisha dawa hizi na vidonge visivyo na dawa ndani hayakuonyesha kwamba wanaozimeza wanapata kiharusi zaidi ya wenzao.

Ila usiondoke bado. Tangu sildenafil iingie sokoni mwaka 1998, zimekuwepo taarifa za watu waliopata kiharusi, kuvuja damu kwenye ubongo au shambulio la moyo baada ya kumeza. Karatasi ya maelezo iliyokunjwa ndani ya boksi inayataja hayo waziwazi. Inasema pia kwamba wengi wao, ingawa si wote, walikuwa tayari na vihatarishi vya moyo na mishipa. Wengi yaliwakuta wakiwa kwenye tendo au punde baada yake, wachache hata hawakufanya tendo, na wengine ilipita saa kadhaa hadi siku kadhaa. Ukiwa na taarifa za namna hiyo huwezi kutenganisha kidonge, tendo lenyewe na ugonjwa uliokuwa umejificha.

Kinachonitisha mimi ni mtu asiyejua presha yake kununua kitu asichojua kina nini. Sehemu kubwa ya maswali yanayofuata inazunguka hapo.

2. Dawa zenyewe ni zipi, na zinafanyaje kazi?

Zinazojulikana zaidi ni sildenafil (Viagra na nakala zake nyingi), tadalafil (Cialis), vardenafil (Levitra) na avanafil. Sildenafil haikutengenezwa kwa kazi hii. Watafiti wa Pfizer kule Uingereza walikuwa wanaijaribu kwa maumivu ya kifua yanayotokana na moyo. Kifuani haikufanya la maana. Wanaume waliojitolea ndio walioanza kutaja mabadiliko ya sehemu nyingine.

Mwanaume akipata hamu, mishipa ya fahamu huachia nitriki oksidi kwenye uume. Mishipa ya damu inalegea, damu inaingia na kukaa. Mwili una kimeng'enya kiitwacho PDE5 ambacho kazi yake ni kuizima hali hiyo. Dawa inakizuia kimeng'enya. Hamu haileti, ukimeza ukakaa unaangalia taarifa ya habari, hakuna kitakachotokea.

PDE5 haiko kwenye uume peke yake. Iko kwenye mishipa ya sehemu nyingine pia, kwa hiyo presha ya mwili mzima inashuka kidogo: miligramu 100 za sildenafil hushusha kama 8 kwa namba ya juu na 5 kwa ya chini. Sildenafil huanza ndani ya dakika 30 hadi 60 na hudumu saa 4 hivi. Tadalafil yaweza kufika saa 36. Tofauti hiyo ya muda ikumbuke, itarudi kwenye swali la 7.

3. Kiharusi na kupooza ni kitu kimoja?

Kupooza ni matokeo. Kiharusi ni tukio la ghafla kwenye ubongo, na liko la aina mbili: mshipa kuziba, damu isifike sehemu fulani, au mshipa kupasuka, damu ikamwagika ndani. Wapo wanaosema ni upepo mbaya au mtu katupiwa jini, na saa za kuokoa ubongo zinaishia kwa mganga. Adui mkuu wa mishipa hiyo, kwa aina zote mbili, ni presha ya juu ya muda mrefu.

4. Mbona tunasikia watu wanafia gesti?

Stori za gesti zinasambaa kwa sababu zina utamu wake, na mara nyingi hakuna aliyepima marehemu alikufa na nini. Akianguka mtu kitandani, moyo unaweza kuwa ndio uliosimama, si ubongo. Tendo la ndoa kwa kawaida hudai nguvu kama za kupanda ngazi za ghorofa mbili kwa mwendo mzuri. Si kazi nzito, lakini kwa moyo ambao mishipa yake imeziba nusu ni mtihani. Ongeza pombe, joto la chumba, na kidonge cha pili alichomeza kwa sababu cha kwanza "hakijashika".

Kipimo chepesi unachoweza kujifanyia: kama ukipanda ghorofa mbili kifua kinabana au pumzi inakata, kidonge kisubiri, muone daktari kwanza.

## Presha, sukari na moyo

5. Nina presha. Naruhusiwa kutumia?

Wengi wenye presha iliyodhibitiwa wanaruhusiwa. Watu huchanganya hapa: wanadhani dawa hizi zinapandisha presha. Zinashusha. Mtu anayetumia amlodipine akiongeza sildenafil miligramu 100, presha hushuka tena kama 8 juu na 7 chini, na wengi hawasikii kitu zaidi ya kizunguzungu cha kuinuka haraka.

Tatizo ni presha iliyo juu na haijaguswa. Watengenezaji wenyewe wanatahadharisha kuhusu mtu ambaye amepumzika na bado anasoma zaidi ya 170/110, au chini ya 90/50, kwa kuwa usalama wake haukuthibitishwa kwenye majaribio. Kuna jioni alikuja mteja, shati limenyooshwa vizuri, anataka vidonge viwili tu na haraka zake. Nikamwomba dakika tano za mashine. Mara ya kwanza 196/118. Nikamketisha, nikampa maji, tukarudia: 192/114. Hakuwa anaumwa hata kichwa. Alikasirika kwamba nimemnyima, akaondoka. Wiki tatu baadaye alirudi na cheti cha daktari, ameanzishiwa dawa za presha, akanidai vidonge vyake.

6. Dawa za presha ndizo zilizonimaliza nguvu. Niziache?

Usiziache. Ningeweza kuandika ukurasa mzima juu ya swali hili peke yake, kwa sababu ninavyoona dirishani, hapa ndipo wanaume wanapojiingiza kwenye hatari kubwa kuliko ya kidonge chochote. Mtu anaanzishiwa dawa, baada ya miezi miwili anaona jogoo hapandi mtungi kama zamani, anaziacha kimyakimya bila kumwambia mkewe wala kliniki. Presha inapanda na haina kelele. Kisha anakuja kununua kidonge cha buluu, presha ikiwa haina kizuizi chochote.

Ni kweli baadhi ya dawa za presha zinaweza kupunguza nguvu: za kukojoza za kundi la hydrochlorothiazide na bendroflumethiazide, na za kundi la atenolol na propranolol. Losartan na wenzake, na amlodipine, kwa kawaida hazina lawama hiyo. Kwa hiyo kuna la kufanya: rudi kliniki useme "dawa hii inaniharibia ndoa". Maneno hayo hayo, yanatosha. Daktari aliyezoea atakubadilishia bila kukushangaa. Ila uwe tayari pia kusikia kwamba dawa haina kosa. Presha yenyewe, sukari na sigara huharibu mishipa midogo, na mara nyingi kazi hiyo ilishaanza kabla hujameza kidonge cha kwanza.

7. Ni nani asiyeruhusiwa kabisa?

Anayetumia dawa za nitrati. Hizi ni za maumivu ya kifua ya moyo: glyceryl trinitrate ya kuweka chini ya ulimi au kupuliza, isosorbide dinitrate, isosorbide mononitrate. Nitrati inaongeza kile ambacho sildenafil inazuia kisizimwe. Zikikutana, presha inaporomoka, mtu anazirai, moyo na ubongo vinakosa damu. Hakuna kipimo kidogo kilicho salama kwenye mchanganyiko huu. Vichupa vya kunusa vinavyoitwa "poppers" ni nitriti, na vimo kwenye katazo hilohilo.

Geuza upande wa pili: ukimeza sildenafil, nitrati isikuguse kwa saa 24, na ukimeza tadalafil, saa 48. Ukipata maumivu ya kifua usiku huo ukakimbizwa hospitali, wasipojua ulichomeza wanaweza kukupa nitrati kwa nia njema kabisa (swali la 14).

Riociguat, dawa ya presha ya mapafu, nayo haichanganywi.

8. Nilishapata kiharusi. Naweza kutumia tena, na baada ya muda gani?

Miezi 6 ya kwanza hapana. Kipindi hicho hakikujumuishwa kwenye majaribio, na maelezo rasmi yanaonya hivyo. Baada ya hapo inategemea: kilikuwa cha mshipa kuziba au cha mshipa kupasuka, presha ikoje sasa, mishipa ya shingo ina hali gani. Mtu mwenye mishipa ya shingo iliyobana sana hastahimili presha kushuka ghafla. Uamuzi ni wa daktari anayekufuatilia, na ukianza, huanza na kipimo cha chini.

Wanaume wengi baada ya kiharusi hupungukiwa nguvu kwa sababu nyingine: sonona, hofu ya kwamba tendo litarudisha kiharusi, dawa mpya. Hofu hiyo mara nyingi wanayo wote wawili, mume na mke, na kila mmoja anaificha. Ingieni pamoja kwa daktari.

9. Ni kweli kwamba kupungukiwa nguvu ni dalili ya kiharusi kinachokuja?

Inaweza kuwa. Mishipa ya uume ina upana wa milimita 1 hadi 2, ya moyo 3 hadi 4, ya shingo inayopeleka damu kwenye ubongo 5 hadi 7. Mafuta na ugumu vikianza kujijenga kwenye mishipa ya mwili, mwembamba unaonyesha kwanza. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2011, uliokusanya tafiti 12 zenye wanaume zaidi ya 36,000, ulikuta wenye tatizo la nguvu za kiume wana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 hivi kuliko wasio nalo.

Namba hiyo inaeleza kwa nini watumiaji wa dawa hizi wanaonekana kuandamwa na kiharusi: waliokuja kuzinunua ni watu ambao mishipa yao ilishaanza kulalamika. Mwanaume wa miaka 45 anayeona mabadiliko ya pole pole, hata asubuhi hakuna kitu, anahitaji kupima presha, sukari na lehemu kabla ya kuhitaji kidonge. Kidonge kikifanya kazi vizuri ndiyo hatari yenyewe, maana anaridhika na hapimi.

## Kuchanganya

10. Dawa gani nyingine zinagongana nazo?

Za tezi dume kama tamsulosin, doxazosin na prazosin zinalegeza mishipa pia. Ukichanganya, ukiinuka unaweza kuanguka. Zinaweza kwenda pamoja kwa mpango, kwa kuanza na sildenafil miligramu 25.

Wenye VVU wasikilize hapa. Dawa za mstari wa pili zenye ritonavir (pamoja na atazanavir au lopinavir) huzuia ini kuiondoa sildenafil, na kiasi chake mwilini kinapanda mara 11 hivi. Ukimeza 100 ni kana kwamba umemeza bakuli. Kikomo hapo ni miligramu 25 ndani ya saa 48. Anayetumia dolutegravir bila ritonavir hana mgongano huo. Ketoconazole, itraconazole, erythromycin na clarithromycin nazo huipandisha, kwa kiasi kidogo zaidi. Rifampicin ya kifua kikuu hufanya kinyume: inaimaliza mapema, mtu akaona haifanyi kazi akaongeza kipimo, kisha dozi ya TB inaisha na yeye bado anameza kipimo kilekile.

11. Na pombe, miraa, tramadol?

Bia moja haina shida kubwa. Pombe nyingi hushusha presha pamoja na kidonge, na yenyewe inaua nguvu unazozitafuta. Miraa hupandisha presha na mapigo ya moyo. Mtu aliyetafuna tangu mchana, hajala, hajalala, kisha akameza 100 na kinywaji cha kuongeza nguvu, anaupa moyo amri zinazopingana. Tramadol, ambayo vijana wanaimeza "wachelewe", kwa wingi huleta degedege, na degedege ukiiona kwa mbali unaweza kudhani ni kiharusi.

12. Mimi situmii kemikali, natumia za asili. Vumbi la Kongo, unga wa kwenye asali. Hizo si salama?

Supu ya pweza kunywa, ni chakula. Unga usio na lebo unaofanya kazi ndani ya dakika 40 kama Viagra, uushuku kuwa ni Viagra. Marekani, kati ya mwaka 2007 na 2016, mamlaka ya dawa (FDA) ilibaini virutubisho 776 vilivyochanganywa na dawa za hospitali kwa siri. 353 vilikuwa vya nguvu za kiume, na karibu nusu ya hivyo vilikuwa na sildenafil. Mgonjwa wa moyo anayekwepa Viagra kwa sababu anatumia nitrati, akaenda kwa "ya asili", anaangukia kwenye shimo lilelile.

Kuna tukio la Singapore la mwaka 2008 ambalo huwasimulia wateja. Ndani ya miezi mitano watu 150 wasio na kisukari walifikishwa hospitali sukari imeshuka vibaya. Vidonge vya nguvu za kiume vya magendo vilikutwa na glibenclamide, dawa ya kisukari. Saba walibaki hawajitambui, na wanne baadaye walikufa. Sukari ikishuka kiasi hicho mtu anaweza kulegea upande mmoja na kushindwa kuongea, sawasawa na kiharusi. Hivyo akifikishwa mtu hospitali katika hali hiyo, apimwe sukari mara moja.

13. Nitaitambuaje feki?

Kwa macho, mara nyingi huwezi. Vinavyouzwa kimoja kimoja kutoka kwenye mfuko, kwenye stendi au saluni, hata kama ni halisi hujui ni miligramu ngapi wala vilikaa kwenye jua gani. Nunua duka lililosajiliwa, uone boksi, namba ya toleo na tarehe.

## Likitokea jambo

14. Amemeza, sasa hayuko sawa. Nifanye nini?

Mwambie acheke: mdomo unapinda? Anyanyue mikono yote miwili: mmoja unashuka? Ataje mtaa anaoishi: maneno yanaeleweka? Kimoja tu kikienda kombo, ni hospitali sasa hivi, kubwa yenye kipimo cha CT (mashine ya kupiga picha ya ubongo) kama ipo ya kufikika. Angalia saa na uikumbuke, maana dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Dalili zikipotea zenyewe baada ya dakika kumi bado nenda. Hicho kinaweza kuwa kiharusi cha muda, na kikubwa chaweza kufuata siku hizohizo.

Usimpe aspirini, kwa kuwa hujui mshipa umeziba au umepasuka. Usimnyweshe maji wala uji, yatampalia. Usimchome vidole kwa sindano. Usimmezeshe dawa ya presha ya jirani.

Na sema alichomeza, jina, kiasi, saa ngapi. Beba ganda la kidonge. Kama ni mwanamke mwingine aliyekuwa naye, aseme kwa nesi pembeni. Mambo ya ndoa yatasubiri asubuhi.

15. Kichwa kinaniuma kila nikimeza. Ni kiharusi?

Kwa kawaida si kiharusi. Kichwa kuuma, uso kuwaka, pua kuziba na kiungulia ndiyo maudhi ya kawaida. Kwenye majaribio ya sildenafil karibu mtu 1 kati ya 6 aliumwa kichwa. Paracetamol inatosha, au punguza kipimo. Kichwa kinachopasuka ghafla kuliko ulivyowahi kusikia, pamoja na kutapika au shingo kukakamaa, ni jambo jingine: rudi swali la 14.

16. Jicho moja limeingia giza ghafla.

Acha dawa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ni nadra, lakini damu inaweza kupungua kwenye mshipa wa fahamu wa jicho, na onyo hilo liliongezwa kwenye maelezo ya dawa hizi mwaka 2005. Kusikia kukipotea ghafla, fanya vilevile.

## Maswali ya pembeni

17. Nina miaka 24, sina ugonjwa. Nikitumia wikendi tu nitapata kiharusi?

Kwa umri wako, ukiwa mzima na kidonge halisi, si jambo ninalolihofia kwanza. Ninachokiona ni kijana aliyeanza "kujaribu", sasa haingii chumbani bila kidonge mfukoni. Mwili haujazoea, ni kichwa. Kama asubuhi unaamka vizuri, mishipa yako inafanya kazi.

18. Nina selimundu.

Usijinunulie. Selimundu yenyewe inaongeza hatari ya kiharusi na ya uume kusimama usishuke. Jaribio la sildenafil kwa wagonjwa wa selimundu wenye presha ya mapafu lilisimamishwa mwaka 2009 kwa sababu waliomeza walilazwa kwa maumivu makali zaidi ya wenzao. Kwa yeyote, mwenye selimundu au asiye nayo, uume ukisimama zaidi ya saa 4 ni dharura.

19. Nimesikia sasa wanataka kuitumia kutibu kiharusi. Kweli?

Wanaichunguza. Oxford walifanya jaribio la watu 75 waliowahi kupata kiharusi kidogo na wenye ugonjwa wa mishipa midogo ya ubongo. Matokeo yalitoka mwaka 2024, na sildenafil iliongeza mtiririko wa damu kwenye ubongo. Hiyo ni picha ya mtiririko wa damu. Kama inazuia kiharusi cha pili, jaribio hilo halikuwa la kupima hilo. Usimpe mzee wako kwa sababu hiyo.

20. Mume hataki kusikia habari ya dawa. Naweza kumsagia kwenye uji?

Hapana, dada yangu. Hujui kama ana nitrati kwenye droo ya ofisini, na yeye hatajua cha kumwambia daktari akianguka. Mlete apimwe presha. Mwambie ni presha tu.

21. Baba ana miaka 72, ameniagiza nimnunulie. Nimpe?

Umri peke yake haumzuii. Zaidi ya miaka 65, au ini na figo zikiwa dhaifu, dawa hukaa mwilini muda mrefu zaidi, kwa hiyo huanza na miligramu 25. Ukija dukani, niletee kwanza majina ya dawa zote anazomeza, au zipige picha na simu, pamoja na zile zilizo kwenye mfuko wa rambo chini ya kitanda.